Mwaka Upi, Shangazi?

Si Mzamil.

Najua. Wengi wenu mmekaa wiki nzima mkiwa na hakika kwamba mashua iliyozunguka mwamba wa Fuma ni ya Mzamil, na wengine mlikwisha kumpikia pilau. Poleni. Tulimwacha Mwanalima maji yakimfika kiunoni, asubuhi ya Siku ya Mwaka, akipunga ukaya wake wa kichwani kuiita mashua ile. Ikakaribia. Mtu aliyeshika usukani alikuwa mnene, na Mzamil hajapata kunenepa hata wiki aliyooa.

Yule mnene akazima injini. Akamtazama Mwanalima, kisha akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti kubwa.

"Famau!" Mwanalima akaita. "Famau, ni mimi!"

Famau akafumba macho. Akasoma kwa kasi zaidi.

"Shemeji, wanisomea kama jini?"

"Kama u mchu, toka majini nikuone miguu," Famau akajibu bila kufumbua macho. "Kama si mchu, rudi ulikotoka. Mimi sina ugomvi nawe."

Mwanalima akatoka, nguo zikimganda mwilini. Famau akafumbua jicho moja, akaitazama miguu yake. Ilikuwa miguu ya binadamu, tena ya binadamu aliyetembea juu ya mawe siku nyingi. Akashuka, akamgusa mkono. Ulikuwa baridi kwa maji, lakini ulikuwa mkono wa mtu hai. Hapo mwanamume mzima yule akakaa chini mchangani akalia.

Kwa mgeni aliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: Famau ni mtoto wa ndugu yake Bimkubwa, na Bimkubwa ndiye mama yake Mzamil. Mama yake Famau ni Msomali, na kwa sababu hiyo huingia Kismayu na kutoka na mashua yake hata sasa, mwaka huu wa tisini na mbili, wakati Mbajuni mwingine akionekana bandarini hujui kama atarudi. Na ukisikia mchu, jua ni mtu, ndivyo Wabajuni wasemavyo.

Bimkubwa mwenyewe alikuwa amekaa juu ya gogo, nyonga yake mbovu imenyooshwa mbele, mjukuu wake Ummi akimshika bega. Wote watatu, mkwe, mama mkwe na binti wa miaka kumi na minne, walikuwa wamefika Fuma jana yake tu. Walitoka katika mikoko ya Darakasi, walikojificha tangu Kudhaa iliposhambuliwa. Walikuja kwa neno moja: Mzamil aliagiza kwamba atawachukua hapa, Siku ya Mwaka.

"Shangazi," Famau akasema huku akijifuta, "nina habari."

"Nyamaza."

"Shangazi, ni habari ya—"

"Nimesema nyamaza. Umekuja na uso wa msiba, nauona. Siku ya Mwaka mchu haambiwi neno baya hajamaliza kuoga. Kaa hapo."

Famau akakaa. Mimi ningekuwa mahali pake ningepiga kelele, ada ivunjike na liwalo liwe. Lakini mimi sikulelewa na Bimkubwa.

Mwanalima na Ummi wakamwinua Bimkubwa, wakamwingiza majini polepole, wakamwosha kichwa, mabega, nyonga. Mwaka mkuukuu ukaondoka na maji, ndivyo wanavyosema. Kisha ikafika saa ambayo Famau aliiogopa, kwa sababu katika nyumba ile mtu akishaoga mwaka lazima aseme atafanya nini na mwaka alioupata.

"Mimi sitaki nadhiri tena," Bimkubwa akatangaza. "Mwaka huu nadhiri haramu nyumbani kwangu."

"Nyumba ipi, bibi?" Ummi akauliza.

"Hii," akasema Bimkubwa, akionesha gogo.

Ana haki mama wa watu. Kila Siku ya Mwaka alikuwa akiweka nadhiri mbele ya Mungu. Aliweka nadhiri ya kuacha tambuu, akatafuna jioni ile ile. Aliweka nadhiri ya kutogombana na mkwewe, nayo ilivunjika kabla kanga haijakauka. Na nadhiri si mchezo, ukiivunja una kafara, ulishe maskini au ufunge. Bimkubwa hakuwa na cha kulisha mtu. Amefunga kafara hadi mbavu zinahesabika, na bado hajamaliza za miaka ya nyuma.

"Mwalimu wetu Kismayu alisema hivyo hivyo," Ummi akasema kwa furaha. "Mwaka mpya mtu asiape. Mtu ajiwekee lengo."

"Lengo?"

"Ndiyo, bibi. Lengo dogo. Ulikate vipande, ufanye kipande kimoja kimoja. Ukishindwa leo, kesho waendelea, huna dhambi."

Bimkubwa akamtazama mjukuu wake kana kwamba ametukanwa.

"Lengo ni la mwenye bunduki, mwanangu. Yeye ndiye alengaye. Sisi ni shabaha. Neno hilo lisirudi kinywani mwako."

Mwanalima akageuza uso asionekane anacheka, kisha kicheko chenyewe kikamwisha. Ni kweli tupu. Mwenye lengo ni yule anayeweza kusema kesho nitakuwa mahali fulani, na kisiwani humo hakuna aliyeweza kusema hivyo isipokuwa waliokuja na bunduki.

"Basi tuite nia," Mwanalima akasema. "Nia haina kafara."

"Nia sawa," akakubali Bimkubwa. "Nia ni baina yangu na moyo wangu. Anza wewe, Ummi."

"Kila siku nitaandika mchangani neno moja nisilolijua. Hata kama hakuna kitabu."

"Mimi nitakwenda kisimani peke yangu, bila kushikwa," Bimkubwa akasema. "Haya. Mama Ummi."

Mwanalima hakuhitaji kufikiri. "Mwaka huu baba Ummi atujue kuwa tu hai."

"Hapana, mama." Ummi akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya baba. Yako iwe kitu ufanyacho wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Mwalimu alisema."

Mwalimu huyo, Mungu amweke popote alipo, alifundisha vizuri sana na kwa wakati mbaya sana. Mwanalima akatafuta. Mkono wake ulikuwa unaweza nini? Hauna mashua. Hauna mume. Chakula chao kilikuwa samaki wa kuokota na nazi za watu waliokimbia.

"Basi nitamfikishia sauti yangu," akasema mwisho. "Mimi mwenyewe. Kwa njia yoyote."

"Hiyo ndiyo," akasema Ummi.

"Nawe Famau?" Bimkubwa akauliza. "Nia yako?"

"Nia yangu," Famau akasema, "ni kusema nililo nalo kabla sijapasuka."

"Haya. Tumeoga. Sema."

"Mzamil alikuja."

"Yuwapi?" Mwanalima akasimama.

"Alikuja, shemeji. Nilimleta mimi, kwa mashua hii hii. Akangoja hapa mlipo. Hamkuonekana."

"Lini?"

"Mwaka mpya."

"Mwaka mpya ni leo!" akafoka Bimkubwa. "Umelewa, Famau?"

"Mwaka upi, shangazi?" Famau akashika kichwa. "Mwaka upi? Mzamil yuko Mombasa. Kule mwaka ni ule wa kalenda ya ukutani. Januari! Alimtuma yule mchuuzi wa nguo awaambie: mwaka mpya, Fuma. Akaja Januari!"

Mwanalima akamgeukia mama mkwe wake polepole.

Nyinyi mnakumbuka jinsi ujumbe ulivyofika, lakini nitasema tena kwa ajili ya mgeni. Mchuuzi wa nguo alikuwa Msomali wa bara, hajui Kibajuni. Alimkuta Bimkubwa peke yake pwani ya Kudhaa, akamwambia kwa Kisomali: *sanadka cusub*, mwaka mpya. Bimkubwa anakijua Kisomali kama wengi wao. Alirudi nyumbani akamwambia Mwanalima: mumeo atatuchukua Siku ya Mwaka. Hakudanganya. Alifasiri tu. Kwa Bimkubwa, tangu azaliwe, mwaka mpya haujapata kuwa siku nyingine isipokuwa ile mtu anayoingia baharini asubuhi na kutoka safi, na siku hiyo huangukia katikati ya kusi.

"Alisema mwaka mpya," Bimkubwa akanong'ona. "Mimi nikasema Siku ya Mwaka. Kwani kuna mwaka mwingine?"

Mwanalima alitaka kupiga ukelele. Tangu Januari! Waliumwa na mbu Darakasi tangu Januari. Watu wa Chovai walipita na jahazi, wakawaambia pandeni twende Kiunga, na yeye Mwanalima akakataa, akasema mume wangu atakuja Siku ya Mwaka, akija asitukose. Mara ya pili wakapita watu wengine, akakataa tena. Alimchukia mama mkwe wake wakati huo, alimchukia kweli kweli.

"Mama," akasema. Mwanamke aliyekaa juu ya gogo alikuwa amejikunja, ana maji ya bahari usoni na machozi juu yake, na hapakuwa na pa kumpiga.

"Bado," Famau akasema.

"Bado nini?"

"Sijamaliza." Akaonesha nyuma ya msikiti uliovunjwa. "Mmeyaona makaburi yale?"

Walikuwa wameyaona. Makaburi matatu, moja fupi kidogo. Jana walipofika, Bimkubwa aliomba ashikwe akayasomee Fatiha, maana maiti wa watu wasiojulikana wana haki ya Fatiha.

"Mashua iliyokimbia Kudhaa ilizama hapo nje," Famau akasema. "Bahari ikaleta wanawake watatu. Mzee, mama na msichana. Sura zao zilikuwa zimeharibika. Mzamil alipofika, watu wa Fuma, kabla hawajakimbia, wakamwambia wako wamelala pale. Aliyafukia vizuri kwa mikono yake. Yale ni makaburi yenu, shangazi. Mimi mwenyewe nilisimama nikaitikia amina."

"Nilijisomea mwenyewe," akasema Bimkubwa.

Ummi akaanza kulia. Mwanalima akamvuta kifuani, lakini macho yake hayakumwacha Famau, kwa sababu alimwona bado ana kitu.

"Sema yote."

"Wazee wa kambini Mombasa wamemposea, shemeji. Mchu hakai na huzuni mwaka mzima, wamesema. Hasina, binti wa Abdulmalik mshonaji. Mtoto mzuri, hana neno. Nikahi ni baada ya Mwaka."

"Mwaka upi?" Sasa aliyeuliza ni Mwanalima.

Famau akainamisha kichwa. "Huu. Wazee wale ni wa kwetu."

Yaani kesho. Yaani keshokutwa. Yaani pengine wapishi wanachagua mchele tunapozungumza.

"Tupeleke Mombasa!"

"Kwa mafuta gani, shemeji? Kwa kusi hili? Hapa nilikuwa napita tu. Mafuta niliyonayo yanifikisha Kismayu tu, na huko nimetakiwa na shehena ya papa. Nisipofika watanifuata. Nikipata mafuta na ruhusa, nitarudi niwachukue. Siku tatu, siku nne, Mungu ndiye ajuaye."

"Siku nne atakuwa ameoa."

"Atakuwa ameoa."

Hapo Mwanalima akakumbuka kitu. "Kismayu kuna taar."

Kuna taar, ndiyo. Ni redio ya kuitana, Wasomali wanayo kila mji siku hizi. Unakaa chumbani Kismayu, unasema, na Mombasa wanakusikia pale pale. Famau akatikisa kichwa kabla hajamaliza kusikia.

"Huendi Kismayu wewe. Wale wachu wa bunduki wanamtafuta Mzamil hadi leo."

Sababu mnaijua. Mwaka jana walimshika Mzamil, wakamlazimisha awapitishe kwenye miamba wakaibe visiwani. Akawapitisha hadi kwenye mwamba wa Ngumi, akaipasua mashua yao na injini yake mpya, akaogelea hadi ufukoni akawaacha wakishikilia mbao. Hawakusahau. Wamesema wakimpata hawataharibu risasi juu yake, watatumia kisu.

"Hawanijui mimi sura," Mwanalima akasema. "Sitataja jina lake. Nitasema baba Ummi. Baba Ummi wako wangapi ulimwenguni?"

"Mama, usiende," Ummi akasema.

"Nimeshatia nia, mwanangu. Wewe ndiwe uliyenifundisha."

Lo, msomaji! Ningekuwa na mkono wa kuingia katika hadithi hii ningemshika nguo. Akambusu bintiye. Akasita, kisha akambusu mama mkwe wake pia, mkononi, na Bimkubwa akakishika kichwa chake kwa viganja viwili. Mashua ikaondoka. Wawili wakabaki ufukoni, bibi na mjukuu, mbele ya makaburi yao.

Kismayu walifika kabla ya adhuhuri, upepo ukiwasukuma. Famau akabaki gatini na shehena yake. Mwanalima akajifunika buibui hadi kwenye nyusi, akafuata kichochoro alichoelekezwa, akaingia nyuma ya duka la sukari.

Chumba kilikuwa kidogo na watu wengi. Mezani ipo redio, kipaza sauti na spika kubwa iliyotundikwa ukutani, maana kila anayengoja hutaka kusikia kama kwao pia kuna habari. Mwenye taar alikuwa kijana mwenye sauti iliyokauka kwa kuita miji. Kwenye benchi, bibi mmoja wa Chovai na mtoto mapajani. Juu ya gunia la sukari alikaa mwanamume mwenye bunduki magotini na mafua makubwa, akijifuta pua kwa ncha ya kikoi.

Mwanalima akataka kutoka. Mwenye mafua akamwona.

"Ingia, walaal," akasema kwa upole. "Wewe dada yangu. Unaita wapi?"

"Mombasa."

"Mimi namwita mama yangu Nairobi, lakini hayuko tayari. Pita mbele yangu."

Angefanya nini? Kukataa hisani ya mtu kama yule ni kujitafutia maswali. Akapita mbele, akamshukuru. Famau alikuwa amempa papa mkavu wa kumlipa mwenye taar, naye akamweka mezani.

"Mombasa, Mombasa, Kismayu hapa. Nitafutieni kambi ya Wabajuni. Ova."

Sauti ikakoroma. Kijana akarudia. Mwisho upande wa pili ukaitika, ukaulizwa habari ya baba Ummi, ukasema ngojeni. Wakangoja. Mwenye mafua akapiga chafya, watu wakamwambia yarhamukallah, akaitikia vizuri kama mtoto wa watu.

Kisha sauti ya mwanamke ikajaa chumbani.

"Nani anamtaka baba Ummi? Ova."

Mwanamke! Kijana akampa Mwanalima kipaza sauti, akamwonesha kitufe na kumwambia aseme ova kila akimaliza.

"Ni mtu wa nyumbani kwao. Wewe nani? Ova."

"Mimi Hasina. Ova."

Basi ndiye. Tayari ndiye anayeitwa akitafutwa baba Ummi. Mwanalima akabana kitufe, akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka ngumu.

"Hasina, nisikilize, na usitaje jina la mchu yeyote. Yeyote! Mimi ni mama Ummi. Ni hai. Sote watatu hai. Mwite baba Ummi asikie sauti yangu. Ova."

Ikawa mkoromo tu. Halafu kikatoka kilio ambacho bibi wa Chovai alishtuka nacho hadi mtoto akaamka.

"Ya Rabbi! U hai? Umeniokoa, dada yangu! Miye sikumtaka, wala yeye hakunitaka, ni wazee tu! Hayupo!"

Sasa nieleweni vizuri hapa, kwa sababu mambo yote yako hapa. Redio hii haisemi na kusikia kwa wakati mmoja. Mwenzako akibana kitufe, wewe huna mdomo. Uombe, upige meza, ulie, hakusikii mpaka aachie mwenyewe. Na Hasina, kwa furaha yake, hakuachia.

"Alikataa nikahi! Alisema hawezi kuoa hajaja kuwasomea hitima juu ya makaburi yenu, Siku ya Mwaka kama ada ya kwao! Ameondoka juzi!"

"Nyamaza," Mwanalima akasema kwenye kipaza sauti. Akabana kitufe, akabana tena. "Hasina, nyamaza. Nyamaza, mwanangu."

"Leo yuko Fuma! Mzamil yuko Fuma, dada! Mzamil wa Kudhaa hajakusahau hata siku moja! Ova!"

Chumba kizima kilimsikia.

Mwanalima hakugeuka. Alisikia gunia la sukari likichakarika, mtu akiinuka kutoka juu yake.

"Mzamil wa Kudhaa," mwenye mafua akasema taratibu, kama mtu anayekumbuka alikoweka kitu. "Aliyepasua mashua."

"Si huyo," Mwanalima akasema. "Wako wengi."

"Wengi," akakubali. Akatoka mlangoni akaita vijana wake kwa Kisomali, na kila neno Mwanalima alilielewa: chukueni mashua ya yule mnene aliyemleta, tieni mafuta, twende watu saba.

Haikuchukua muda. Famau aliletwa akisukumwa, kofia hana, mdomo umepasuka. Alipomwona Mwanalima amesimama kando ya redio alijua.

"Maji ya Fuma yakoje sasa?" mwenye mafua akamuuliza. "Mlango wa mwamba unaingilika?"

"Mimi wa Kismayu. Sijui maji ya huko."

Wakampiga kwa kitako cha bunduki, akaanguka sakafuni kando ya benchi. Bibi wa Chovai akamkumbatia mjukuu wake.

Mwenye mafua akamgeukia Mwanalima. Hakumpigia kelele. Bado alikuwa na adabu yake yote.

"Walaal, wewe ni wa visiwani. Niambie."

Ufukoni Fuma, saa hiyo, alikuwako mama mkwe asiyeweza kukimbia. Alikuwako Ummi, pengine akiandika mchangani. Na kama Mungu alimfikisha salama, alikuwako Mzamil amepiga magoti mbele ya mama yake, haamini macho yake, hana habari ya kitu. Furaha ambayo yeye Mwanalima aliingojea miezi yote ilikuwa inatokea dakika ile ile, na yeye hakuwako.

"Leo maji ni mafu," akasema. "Mlango haufunguki. Mkienda sasa mtapasuka kama mlivyopasuka Ngumi. Ngojeni kesho asubuhi."

Famau, kutoka sakafuni, akaitikia, "Ndiyo. Maji mafu. Kesho."

Mwenye mafua akawatazama wote wawili. Akavuta pua. Kisha akageuka kwa yule ambaye hakuna aliyemfikiria, bibi wa Chovai, akachutama mbele yake, akamshika mtoto shavu kwa vidole viwili.

"Bibi, wanasema kweli?"

Bibi akamtazama Mwanalima. Alikuwa mzee kama Bimkubwa, ana ukaya wa namna ile ile. Vidole vikaliminya shavu la mtoto kidogo, mtoto akalia.

"Maji yaanza kujaa, mwanangu," bibi akasema. "Mkitoka sasa, alasiri mwaingia bila kugusa jiwe." Kisha akaanza kujipiga mapaja, akimwomba Mwanalima radhi kwa Kibajuni, tena na tena, na Mwanalima hakuweza kumlaumu, kwa sababu na yeye ana mtoto.

"Asante, bibi," akasema mwenye mafua. "Twendeni. Huyu mwanamke akae mbele kwenye omo, atuoneshe mlango. Akiona mumewe ampungie mkono, asiogope."

Wakamtoa Mwanalima na Famau kwenye kichochoro chenye jua kali, bunduki mbele na bunduki nyuma. Mwenye taar akabaki ameinama juu ya meza, mikono kichwani. Bibi wa Chovai alikuwa bado analia.

Na ukutani spika ikakoroma, sauti ya Hasina ikarudi, yenye furaha ile ile.

"Dada, umenisikia? Nimesema yuko Fuma. Umenisikia? Ova."

Hakuna aliyebana kitufe.